Gorm: mtu mweusi anapoitwa wa buluu

Anayeanza kujifunza Kiayalandi hushtuka akifika hapa: mtu mweusi huitwa *duine gorm*, na juzi tu amefundishwa kwamba *gorm* ni buluu. Kwa nini isiwe *duine dubh*, ilhali *dubh* ndiyo nyeusi yenyewe?

Wanaoitetea gorm wana hoja nzito. Katika Kiayalandi, kivumishi cha rangi kikimfuata mtu mara nyingi husema habari za nywele: *fear rua* ni mwanamume mwenye nywele nyekundu, *fear dubh* mwenye nywele nyeusi. Tena *an Fear Dubh* ni Ibilisi. Gorm yenyewe zamani ilibeba giza pia. Ndugu yake wa Kiwelisi, *gwrm*, ni weusiweusi. Kumbukumbu za kale zinasimulia Waviking waliovamia Afrika Kaskazini katika karne ya 9 wakaleta mateka Ayalandi, nazo zinawaita *fir gorma*, yaani wanaume wa gorm.

(Msemaji wa Kiswahili hatasumbuka na sarufi yake. Kama mzuri na kizuri, kivumishi hiki nacho hubadilika mwanzoni: *fear gorm*, lakini *bean ghorm*, kwa sababu mwanamke ni wa jinsia ya kike. Na hiyo *gh* ni ile ile ya ghali.)

Lakini historia haisikiki sikioni. Leo gorm ni buluu ya mbingu na ya jinzi, basi. Katika sensa ya 2022, waliosema Kiayalandi kila siku nje ya masomo walikuwa 71,968 tu. Wengi wanaokijua wamekipata darasani, wakikipitisha kwenye Kiingereza kichwani. Kwa mwanafunzi mweusi wa Dublin, karne ya 9 haimfutii kicheko cha wenzake. Hata hoja ya Ibilisi naiona imetiwa chumvi: anayeitwa hivyo ni *fear dubh*, *duine dubh* ni neno jingine.

Kinachonikera zaidi kiko upande wa pili. Mzungu naye haitwi *bán*, yaani mweupe, bali *duine geal*, na geal ni -a kung'aa. Mpenzi huimbiwa *mo ghrá geal*. Kwa hiyo wanaosema lugha hii haitafsiri rangi za watu neno kwa neno wako sahihi, ila mmoja amepewa mwanga na mwingine buluu. Wanaobishana juu ya gorm wangeanza kwa kuiweka geal mezani.