Zebaki haikamati kilichokwisha pita kwenye kapeti

Kila mazungumzo ya kuachana na zebaki yanapofika kwenye mialo ya Geita na Misungwi, pale dhahabu inapooshwa, jibu la wachimbaji huwa lilelile: mkituachia maji na kapeti peke yake, dhahabu itatuponyoka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwaka 2020, na huku mjini Mwanza wengi hulisikia jibu hilo kama ukaidi. Si ukaidi. Ila limeelekezwa pasipo pake.

Tazama kazi yenyewe mwaloni (neno hilohilo la pale tunaposhushia dagaa). Mawe yakishasagwa kwenye karasha, unga unamwagiwa maji juu ya ubao wa mteremko uliotandikwa kapeti au magunia. Dhahabu ina uzito mara 19 ya maji, kwarizi, jiwe linaloibeba, haifiki hata mara 3. Chepesi kinakwenda na maji, kizito kinalala kwenye nyuzi. Hadi hapo, kwa kawaida, zebaki haijaguswa. Inatiwa baadaye ili inase dhahabu, kwenye beseni, ndani ya mchanga mzito uliokung'utwa kutoka kwenye kapeti. Punje iliyopita ubaoni imeshapita, uwe na zebaki au usiwe nayo.

Na zinapita nyingi. Ukisaga kwa pupa, dhahabu inabaki imefungwa ndani ya jiwe na kuondoka nalo. Ukisaga kupita kiasi, inabanwa ikawa vigamba vyepesi vinavyoelea juu ya maji. Ndiyo maana kuna wanaotia sabuni ya unga kidogo, ili vizame. Kubwa zaidi ni kasi ya maji. Foleni ni ndefu, viroba vimepangana, bomba linafunguliwa lote. Nguvu ya uzito inahitaji maji ya taratibu, kisha mabaki yasagwe na kuoshwa tena. Lawama inayobebeshwa kapeti ni ya karasha na bomba.

Palipo na ukweli wa wachimbaji ni mwishoni. Kwenye kapeti dhahabu imechanganyika na mchanga mweusi wa chuma, mzito mara 5 hivi ya maji, na kuutenga kwa karai tu kunataka mkono wa fundi na saa nyingi. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, huyeyusha dhahabu moja kwa moja kwa boraksi, chumvi ya kusaidia kuyeyusha, lakini mchanga lazima uwe umesafishwa sana na moto uwe mkali. Zebaki inamaliza haraka, na jioni mnunuzi yupo na fedha taslimu. Mwenye vijana watano wanaosubiri kula hatakusikiliza ukimwambia asubiri kesho.

Lakini marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha oshwa, hayaniachi. Yale ya beseni, yenye zebaki, hayalali mwaloni; yanapelekwa kuchenjuliwa kwa sainaidi, kemikali yenye sumu. Sainaidi inayeyusha dhahabu, na inayeyusha zebaki pia, ikaifanya isafiri na maji kwa wepesi kuliko ilivyokuwa. Mabonde yetu mengi yanateremkia ziwani. Marudio ya kapeti tupu yangefika kwenye sainaidi bila mzigo huo.

Na marudio hayo ni ya nani? Mara nyingi mwenye mwalo huyachukua kama ujira wake. Mchimbaji anaondoka na kilicholala kwenye kapeti. Kilichopita kinabaki kwa mwenye mwalo, na bomba la maji ni lake.