Mbwa mpe majani, rojo mnyime

Nyuma ya jiko langu nimepanga ndoo nne kuukuu za rangi, nimezitoboa chini na kuzipandia giligilani, mrehani, rozmari na nanaa. Kila asubuhi nikitoka kuchuma, mbwa wangu Popi ananifuata. Giligilani haishughulikii. Anakwenda moja kwa moja kwenye nanaa, anainusa, anaking'ata kijani kimoja kwa meno ya mbele tu, taratibu, kama anayeogopa miiba. Anatafuna masikio yamelala nyuma, kisha anapiga chafya na kunitazama.

Jirani yangu mmoja alipoona hivyo aliniita ukutani: "Dada, huyo utamuua. Mbwa halishwi majani ya jikoni." Najua alisema kwa nia njema, na ni mtu anayewapenda mbwa wake. Lakini jioni yake, kama jioni zote, alikwangua sufuria ya mchuzi wa nyama na kummwagia mbwa wake juu ya ugali, vitunguu na mafuta yake yote. Wengi wetu tunafanya hivyo hivyo. Tunaliogopa jani na kuliamini rojo, na mimi nasema ingekuwa kinyume chake.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu lilinipata. Miaka miwili iliyopita tulikuwa na sherehe ya kipaimara nyumbani. Wageni walipoondoka yalibaki masinia ya kutosha: rojo zito la vitunguu, vipande vya nyama, kachumbari iliyokwisha kulowa. Nilikusanya vyote kwenye beseni moja, nikampa Popi, nikajiona nimemtendea wema siku ya sikukuu. Alikula mpaka akalamba beseni.

Kesho yake alitapika kidogo, nikasema ameshiba kupita kiasi. Siku ya tatu hakuamka kunipokea getini. Alikuwa amelala kivulini anahema haraka haraka, na alipojikongoja kwenda kukojoa kwenye mchanga, mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Daktari wa mifugo alimfunua mdomo, akabonyeza ufizi kwa kidole gumba, akaniambia nitazame. Ufizi wa mbwa mzima huwa wa waridi, ukiubonyeza unakuwa mweupe na damu inarudi mara moja. Wa Popi ulikuwa mweupe kabla haujabonyezwa, mweupe kama nyama ya dafu. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Amekula vitunguu?"

Vitunguu vyote, kitunguu maji, saumu, vitunguu majani na liki, vina kemikali za salfa ambazo mwili wa mbwa hauwezi kuzihimili kama wetu. Zikishaingia kwenye damu zinaharibu chembe nyekundu, zile zinazobeba hewa ya oksijeni, na mwili unaanza kuzivunja chembe hizo wenyewe. Ndiyo maana mkojo unageuka rangi, na ndiyo maana mbwa anahema kama aliyekimbizwa ilhali amelala. Na kwa sababu kazi hiyo inachukua siku kadhaa, mwenye mbwa anakuwa ameshasahau kile alichompa. Kupika hakusaidii, kukausha hakusaidii. Kitunguu kilichoyeyuka kwenye rojo hata hukioni tena, na sumu yake ipo. Vivyo hivyo kwa viungo vya mchuzi vya pakiti. Soma maandishi madogo, mara nyingi utakuta unga wa kitunguu au wa saumu, tena na chumvi nyingi.

Vitabu vya tiba ya wanyama vinataja gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wa mbwa kuwa kiasi kilichokwisha leta madhara makubwa kwenye damu. Popi ni mbwa wa kienyeji wa kilo 14. Kwa hesabu hiyo, gramu 210 zinatosha, yaani vitunguu viwili vya wastani. Kwenye lile beseni vilikuwa vingapi? Na anayekula kidogo kidogo kila jioni naye yumo hatarini, kwa kuwa damu haipewi nafasi ya kujirekebisha. Hakuna dawa ya kukitoa kitunguu kwenye damu. Ukiwahi mapema daktari anaweza kumtapisha; ukichelewa inabaki dripu, uangalizi, na kwa aliyezidiwa sana kuongezewa damu. Popi alipona baada ya wiki tatu hivi. Nilikuwa ninaufunua mdomo wake kila asubuhi kutazama ule ufizi ukirudi rangi yake.

Hapa lazima niseme kuhusu saumu, maana najua wengi wanampa mbwa saumu kama dawa ya minyoo. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walichapisha matokeo ya kuwapa mbwa dondoo ya saumu, sawa na gramu 5 za saumu kwa kila kilo ya uzito, kila siku kwa siku 7. Chembe nyekundu za damu zilionekana kuharibika. Kweli gramu 5 kwa kilo ni nyingi. Kwa Popi ingekuwa gramu 70, kichwa kizima na zaidi. Lakini anayetwanga saumu kuua minyoo hana mizani, na anarudia kila anapokumbuka. Kibaya zaidi, anaamini minyoo imekwisha. Kuna tegu mdogo anayeishi kwenye utumbo wa mbwa, ambaye mayai yake yakiingia kwa binadamu huota mafuko ya maji kwenye ini au mapafu. Watu wa Turkana na jamii za wafugaji wa Kimaasai wanaufahamu ugonjwa huo kwa kupasuliwa wagonjwa wao. Dawa ya prazikwanteli inamuua tegu huyo ndani ya mbwa. Saumu haiwezi kushika nafasi yake, na mtoto wako anayecheza na mbwa asilindwe kwa kubahatisha. Pilipili ya kumfanya mbwa awe mkali nayo naomba tuiache kabisa; inamchoma tumbo tu.

Na kwa sisi wapishi wa pilau na biriani: zabibu kavu ni hatari kwa figo za mbwa, hata chache. Kwa muda mrefu haikujulikana ni nini ndani ya zabibu, mpaka mwaka 2021 madaktari wa wanyama wa Marekani walipoeleza kuwa wanaishuku asidi ya tartariki. Mbwa waliokula ukwaju walikuwa wameharibika figo kwa namna ile ile, na ukwaju umejaa asidi hiyo. Watu wa pwani tuna ukwaju kwenye juisi, kwenye urojo, kwenye mchuzi wa samaki. Tuuweke mbali na bakuli la mbwa. Kungumanga pia isimfikie.

Sasa turudi kwenye zile ndoo zangu. Giligilani mbichi, ile Wakenya wanayoiita dania, haina sumu kwa mbwa. Mrehani hauna. Rozmari haina. Mimi namkatia Popi kwa kisu kikali, laini kabisa, kwa sababu mbwa hatafuni majani kama mbuzi. Jani zima linapita na kutoka kama lilivyoingia. Kwa ukubwa wake nampa kijiko kimoja cha chai, kisichojaa, juu ya ugali wa dona na dagaa waliochemshwa bila chumvi. Mara mbili au tatu kwa wiki, basi. Rozmari inakuwa chache zaidi, vijani vichache vilivyotolewa kwenye kijiti, kwani kijiti kinaweza kumkwama kooni. Jani jipya nampa peke yake, namsubiri siku nzima niione choo yake, ndipo nafikiria jani jingine. Nikichanganya matatu siku moja na akaharisha, nitajuaje ni lipi?

Nanaa anayoipenda mwenyewe ndiyo ninayoichunga zaidi. Jani moja au mawili hayana neno, lakini mafuta yaliyomo kwenye nanaa yakizidi yanamtapisha na kumharisha, ndiyo maana ndoo ile nimeipandisha juu ya tofali asijihudumie. Tena nanaa zina ndugu wengi. Upo mmoja wa Ulaya uitwao pennyroyal ambao mafuta yake, aliyopakwa mbwa mmoja ili kuua viroboto, yalimharibu ini akafa. Madaktari wa Marekani waliandika kisa hicho mwaka 1992. Hapo ndipo penye tofauti kubwa ambayo watu hawaioni: jani ni kitu kimoja, mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye majani mengi ni kitu kingine kabisa. Chupa ya mafuta ya kunukia, hata iandikwe kuwa ni ya asili, isimguse mbwa mdomoni wala kwenye ngozi bila daktari kusema.

Mchaichai simpi. Mbwa akitafuna jani lake kidogo kwa kucheza hatakufa, ila ni mmea ulioorodheshwa kuwa unasumbua tumbo lake, na majani yake yana makali kama wembe. Oregano na pasli nazo naziacha, kwa sababu zikizidi zina madhara na sina haja nazo wakati giligilani ipo. Alovera na majani ya nyanya nimeyazungushia wavu.

Jambo la mwisho ni mahali jani linapotoka. Giligilani ya sokoni inaweza kuwa imepuliziwa dawa ya wadudu juzi tu, na mkulima hakusubiri zile siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuvuna. Sisi tunaosha, tunapika. Mbwa anapewa mbichi. Ndiyo sababu Popi hali jani la sokoni. Anakula la kwenye ndoo, ambalo najua maji yake na mbolea yake, na bado nalisuuza.

Nimeulizwa: kama ni shughuli yote hii, mbwa anapata faida gani? Nitajibu ukweli. Hahitaji. Akila chakula kilichokamilika ataishi vizuri bila kuonja jani hata moja, na vionjo vyote kwa jumla, majani na biskuti na vipande vya nyama, visizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku. Majani hayatibu. Mdomo unaonuka hautibiwi kwa nanaa. Unanuka kwa sababu ya ukoko kwenye meno au jino lililooza, na jani linaficha harufu huku fizi zinaendelea kuumwa. Ninayempa ni harufu mpya. Mbwa anaishi kwa pua, na huyu wangu anakula ugali ule ule na dagaa wale wale mwaka mzima. Siku ya giligilani anaijua tangu naanza kukata. Anakaa mlangoni, mkia chini unapiga sakafu ya saruji tap tap tap.

Jikoni kwangu tumebadilisha jambo moja tu. Nyama ikishachemka kwa maji matupu, dada tunayesaidiana naye kazi anachota vipande vya Popi na supu kidogo, anaweka kwenye sufuria yake ndogo yenye mpini uliovunjika, anaifunika. Baada ya hapo ndipo kitunguu kinakatwa. Juzi nilimsikia akimweleza mgeni aliyetaka kumwagia Popi mabaki ya sahani yake: "Huyo, shangazi, usimpe rojo. Mchumie mrehani pale nje, anaupenda."