Masikio kulia: dawa hamna ila wauzaji wapo kibao

Nimepiga kazi miaka sita kwenye dingdong huko Mafinga, zile mashine za kupasua mbao, na sikuwahi kuvaa kitu masikioni maana pale ukivaa wenzako wanakuona unajifanya mzungu. Sa hivi nakaa Mwanjelwa, hapa Mbeya, na masikio yote mawili yanalia ziiii kama nzi kafungiwa kwenye chupa, mchana nasahau ila usiku ndo balaa. Na kila nikimwambia mtu ananitajia dawa, huyu mafuta ya kitunguu saumu ya moto, yule vidonge vya ginkgo (dawa ya majani ya mti wa Kichina), afu daktari mmoja yeye kaniambia tu "hiyo haina dawa, zoea", nikatoka mikono mitupu.

Daktari kitaalamu hajakosea. Mpaka leo hakuna kidonge hata kimoja kilichothibitishwa kuzima hiyo sauti. Kwa sisi wa kelele shida iko ndani kabisa, vile vinywele vya kunasa sauti vikishakufa haviOTI tena, na ubongo ukikosa sauti ulizozoea ni kama unajiongezea volyumu wenyewe. Sa mafuta ya kitunguu yatafikaje huko? Hayafiki, na kama ngoma ya sikio ina tundu hujui, umejiletea ugonjwa mwingine. Ginkgo nayo imepimwa sana tu, haijaonyesha maana, na kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda inaweza kumtoa damu.

Ila daktari alipoishia ndo namlaumu, maana mtu ukimwambia "zoea" bila kumwonyesha anazoeaje unamsukuma mwenyewe kwa muuza mafuta. Kuzoea kwenyewe kuna tiba yake, ya mazungumzo, unafundishwa kuipokea ile sauti bila kuogopa wala kuisikilizia. Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio 28 yenye watu 2,733 wakaona inapunguza kweli mateso, na madhara ni machache. Sauti inabaki, we ndo unapata nafuu. Shida ni kwamba baada ya miezi sita au mwaka ushahidi unakuwa mwembamba, na tuseme ukweli, hapa Mbeya hiyo tiba unaipata wapi kirahisi? Mashine ya kusikia nayo inasaidia kama usikivu umepungua, maana sauti za nje zinarudi na ile ziiii inamezwa, lakini bei yake inauma.

Kuna hiki kifaa kinaitwa Lenire, kinatikisa ulimi kwa umeme kidogo huku unasikiliza sauti kwenye hedfoni, Marekani walikiruhusu mwaka 2023. Utafiti wao wa watu 326 wengi walisema wamepata nafuu, ila hakukuwa na kundi lililopewa kifaa feki ili kulinganisha, kwa hiyo mi naona ni salama kiasi ila kukiuzia shamba la viazi hapana, bado.

Kitu kingine watu hawakisemi ni kwamba dawa zenyewe zinaweza kuleta hii kelele. Wazee wanaikumbuka kwinini, ile dawa ya malaria, masikio yalikuwa yanavuma mpaka unamaliza dozi. Aspirin nyingi hivohivo, nazo zote kwa kawaida ukimaliza inaisha. Sindano ya jenta (gentamaisini, ya kuua bakteria) ndo ya kuogopa, hiyo inaweza kuua usikivu moja kwa moja. Sisemi ukatae sindano, we mwambie daktari mapema kama masikio yanalia.

Na kama ni sikio moja tu, au linadunda kufuata mapigo ya moyo, nenda wakupime. Ukiamka sikio halisikii ghafla nenda siku hiyohiyo, kuna dawa zinazosaidia zikiwahiwa, ukisubiri hadi gulio limeisha umechelewa.

Mi kwa sasa nalala na redio ndogo imewashwa chini chini. Mafinga na ule ukimya wake wa baridi ningekuwa nimechizika, huku bodaboda zinanisaidia.