Saa moja haitoshi kwa kila abiria
Kuna makala inayosema saa moja inatosha kuunganisha ndege katika uwanja wa Dubai. Labda ukishuka na kupanda ndani ya Terminali 3 (mojawapo ya majengo ya abiria), na hata humo kutoka ukumbi wa kupandia ndege wa B kwenda wa A unapanda treni. Terminali 2 iko ng'ambo ya njia za kurukia ndege, mnapelekwa kwa basi. Nilipita huko na mama yangu mwenye magoti mabovu, tukitokea Dar: ukaguzi wa mizigo tena, viatu mkononi, kisha kulisubiri basi. Tulikuwa na saa nne, na nilishukuru kila dakika. Wazee waombewe kiti cha magurudumu mapema, wakati wa kukata tiketi. Waliopita na watoto wachanga, ninyi mliacha muda gani?