Msamaha wa 18,000 kwa gharama ya 18,200

Ukikaa na watu wanaoshughulika na wazee, iwe kwenye kata au halmashauri, kuna kauli utaisikia kabla chai haijapoa: msamaha wa kodi upo, ila wazee wenyewe hawaji. Inasemwa bila ubaya wowote, hata kwa masikitiko kidogo. Tafsiri yake ni kwamba serikali imeshafanya sehemu yake, kilichobaki ni elimu: redio itangaze, wajumbe wapite nyumba kwa nyumba, wazee waamke.

Mimi nadhani wazee wameamka zamani. Hawaji kwa sababu wamepiga hesabu.

Nichukue kodi ya majengo, maana ndiyo inayomfikia hata mzee asiyetoka nyumbani. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo Tanzania Bara inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Nyumba ya kawaida ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na kipato, anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe, anastahili kusamehewa. Ila mita haijui umri wa mtu. Inakata kwanza, na anayestahili msamaha ndiye anayetakiwa kwenda kujieleza.

Jirani yangu ni mjane wa miaka 74. Siku moja mwanzoni mwa mwezi alinisimamisha na simu yake ya kitochi mkononi. "Baba, hebu nisomee hapa, macho yangu hayaoni vizuri." Mjukuu alikuwa amemnunulia umeme wa 2,000 kwa wakala. Nikausoma ujumbe: 1,500 imekwenda kwenye kodi, 500 ndiyo iliyonunua umeme. Akaniuliza kama wakala kamwibia. Nikamwambia hapana bibi, ni kodi ya jengo. Akageuka akaitazama nyumba yake, tofali za kuchoma, bati la mwaka ambao hata yeye haukumbuki, kisha akanirudia: "Hii nayo jengo?"

Kwa mtu anayenunua umeme wa 20,000 kwa mkupuo, 1,500 ni kitu cha kupita. Kwa anayenunua wa 2,000, robo tatu ya pesa yake imeondoka kabla taa haijawaka. Na asiponunua miezi mitatu kwa sababu alikuwa kwa binti yake akiuguzwa, deni halimsahau. Akirudi anakuta 4,500 inamsubiri.

Basi tukasema tuutafute huo msamaha. Sitaitaja ofisi, maana waliokuwepo pale walikuwa wastaarabu, na tatizo halikuwa tabia ya mtu. Hesabu ya safari yetu ilikuwa hivi. Bodaboda kutoka nyumbani hadi kituoni 1,000, kurudi 1,000. Daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 600 kila moja, ni 2,400. Safari moja 4,400. Ya kwanza tulikwenda kuuliza kinachotakiwa. Ya pili tulipeleka barua ya serikali ya mtaa, tukaambiwa mhusika yuko semina. Ya tatu tukampata. Jumla ya nauli 13,200. Picha za pasipoti 4,000. Fotokopi za kitambulisho na karatasi za kiwanja, 1,000. Ukijumlisha yote unapata 18,200, na hapo nauli yangu mimi niliyemsindikiza sijaigusa.

Nimeirudia hesabu hiyo mara nyingi kuliko inavyostahili, nikitafuta pa kuilaumu. Labda tungepiga simu kwanza. Labda picha tungepata mahali pa bei nafuu zaidi. Lakini hata ukiikata safari moja, unabaki na 13,800 ya kulipa leo, taslimu, ili uokoe 1,500 kila mwezi. Mtu mwenye mshahara atasema sawa, ndani ya mwaka pesa imerudi, na kuanzia mwaka wa pili ni faida tupu. Kweli kabisa, kwa mwenye mshahara. Mwenye miaka 74 anayeishi kwa kutumiwa pesa na watoto hana 13,800 iliyokaa ikisubiri kuwekezwa, na hesabu za mwaka wa pili hazipigi kwa uhakika ule ule tunaozipiga sisi. Asipokwenda ameamua vizuri tu. Ukimwambia hana elimu ya haki zake, unamtukana.

Na hatukupata. Mita imesajiliwa kwa jina la marehemu mumewe, kwa hiyo machoni pa karatasi mwenye nyumba ni mtu aliyezikwa. Kwanza mirathi ifunguliwe. Hapo ndipo bibi alipokunja karatasi zake akazifunga kwenye pindo la kanga, akasema twende zetu, mchana unaingia. Ni wajane wangapi nchini wanaowasha taa kwa jina la marehemu? Mtaani kwetu peke yake nawajua watatu.

Sasa upande wa pili, maana nao una hoja, na si ndogo. Miaka 60 haimfanyi mtu kuwa maskini. Wapo wenye umri huo wanaomiliki vyumba kumi vya kupangisha, na wapo vijana ambao wakisikia mzee hatozwi kodi, kesho nyumba zote za ukoo zitakuwa za babu. Ofisa anayedai barua, picha na uthibitisho anaiziba njia hiyo. Fedha anayoilinda ndiyo inayosubiriwa na zahanati na barabara za mtaa, ambazo mzee huyo huyo anazihitaji kuliko wengi. Ukisamehe bila kuuliza, atanufaika kwanza asiyehitaji, kwa sababu ndiye mwenye nyumba nyingi.

Tatizo langu ni kwamba uthibitisho unaodaiwa unamkamata asiyestahili kukamatwa. Angalia maneno "asiye na kipato". Bibi huyu jirani yangu ana mpangaji mmoja, kijana wa bodaboda, chumba cha 30,000 kwa mwezi. Alipoulizwa kama ana kipato alijibu ndiyo, kwa sababu ni mtu wa swala tano na hawezi kusema uongo mbele ya karani. Mwenye vyumba kumi angejibu nini? Swali la namna hiyo humchuja mkweli na kumpitisha mjanja, na anayelilinda ataendelea kuamini analinda hazina.

Linganisha na punguzo la umeme wenyewe. Mteja mdogo wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi huuziwa uniti kwa shilingi 100 kabla ya makato, wakati bei ya kawaida ni 292. Kigezo ni matumizi, na shahidi ni mita. Mtu haulizwi umri wala haambiwi alete barua ya mtendaji. Nalo lina kasoro zake: wapangaji wakichangia mita moja na mwenye nyumba, wakaweka friji na pasi, uniti 75 zinavukwa na mzee anavutwa kwenye bei ya juu pamoja nao. Ila mzee anayeishi peke yake na taa mbili na redio, punguzo linamkuta kitandani kwake. Kumbe inawezekana.

Inawezekana pia ng'ambo ya maji. Aprili 2016 Zanzibar ilianza kulipa pencheni jamii kwa kila Mzanzibari mkaazi aliyefikisha miaka 70, shilingi 20,000 kwa mwezi. Mwaka 2023 ikapanda hadi 50,000. Hakuna anayepimwa umaskini. Aliyekuwa waziri anapata, aliyekuwa mpanda minazi anapata. Kenya nayo ilipoifungua Inua Jamii kwa wote wa miaka 70 na zaidi mwaka 2018, shilingi 2,000 za kule kwa mwezi, ilifuata wazo hilo hilo. Malipo huchelewa, foleni zipo, na alama za vidole vya mkulima wa miaka 80 huisumbua mashine. Hata hivyo swali la kwanza ni umri, na umri hauna aibu. Kusimama mbele ya watoto wa mtaa wako ukieleza kwamba huna kitu kuna aibu, hasa kwa mtu aliyewasomesha baadhi yao.

Wanaopinga njia hiyo Bara wana hesabu yao, na niitaje kwa haki. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania milioni 61.7, na waliotimiza 60 wanapita milioni tatu. Ukimpa kila mmoja 50,000 kwa mwezi, kila wazee milioni moja watagharimu bilioni 600 kwa mwaka. Hilo si jambo la kusainiwa asubuhi moja, na sitajifanya kwamba ni jepesi. Ndiyo maana Bara imeshika njia ya kuchagua kaya maskini kupitia TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ingawa lawama zinazosikika huko zinafanana na za karani wetu: mwenye bati kaachwa, na bati lenyewe alinunuliwa na mtoto aliyekwisha kufa.

Lakini kodi ya majengo si pencheni. Hapa hatuzungumzii kumpa mtu 50,000; tunazungumzia kuacha kumkata 1,500. Kwa wazee milioni moja wenye nyumba za kawaida ni bilioni 18 kwa mwaka, tena pesa ambazo sheria imekwisha kukubali kuziacha. Serikali ikiziweka mfukoni kwa sababu mzee kashindwa nauli, basi bajeti inategemea uchovu wa miguu yake.

Nakiri kwamba si kila punguzo linalosikika vizuri linafaa. Mara kwa mara hutokea mtu akapendekeza wazee wapewe nauli nafuu kwenye daladala kama wanafunzi. Anayependekeza hivyo hajasimama kituoni saa kumi na mbili asubuhi. Mwanafunzi analipa 200 wakati mtu mzima analipa 600, na tofauti hiyo inabebwa na gari lenyewe. Matokeo yake kila mtu anayajua, konda anaziba mlango kwa mkono akiona sare. Mpe mzee nauli ya 200 kwa utaratibu huo na utakuwa umemfundisha konda kuogopa mvi. Leo hii mzee akipanda, mara nyingi kijana atainuka ampishe. Sitaki tuuze kiti hicho kwa 400.

Hata matibabu, ambako sera imekuwa wazi kwa miaka kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bure, kipimo cha kweli kipo mwisho wa safari: dirisha la wazee linamsikiliza haraka, daktari anamwandikia, kisha dawa ya presha haipo na anaelekezwa duka la nje. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeweka mlango kwa wasio na uwezo, na hoja itakuwa ile ile, nani atakwenda kuthibitisha kwamba hana uwezo na kwa nauli ya nani.

Kinachonishangaza ni jinsi wazee hawa hawa, wanaosemwa hawajui kutafuta nafuu, walivyo mabingwa wa nafuu. Mpeleke bibi huyu sokoni. Atakwenda saa kumi na moja jioni, wakati nyanya za jua zinaanza kumtisha muuzaji. Atalipita fungu la kwanza bila kugeuza shingo, la pili ataligusa na kuliacha, na kwenye la tatu atatoa 500 na kusema "nijazie, mwanangu". Ataondoka na nyanya tatu za nyongeza na pilipili mbili za bure. Anajua dagaa hushuka bei siku gani, anajua duka gani linapima robo ya sukari bila kubana mzani. Punguzo la sokoni linadai mdomo tu na jibu linatoka papo hapo. La ofisini linataka bodaboda mbili na daladala nne kabla hujaambiwa mhusika katoka.

Kwa hiyo ningependa mzigo wa kuthibitisha uhame. Serikali inayo tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha taifa, inayo namba ya mita, inayo orodha ya majengo. Tarehe zenyewe wakati mwingine ni za kukisia, najua. Bibi anasema alizaliwa mwaka wa nzige na karani wa vitambulisho akamwandikia tarehe mosi ya mwezi alioupenda yeye. Makosa hayo yatasamehe wachache wenye miaka 58. Tuanze na wa 70 na zaidi, wenye mita moja na nyumba isiyo ghorofa, makato yasimame yenyewe, na mwenye shaka ndiye apande daladala kwenda kukagua. Akikuta vyumba kumi, arudishe kodi pamoja na deni la nyuma. Mjane mwenye mita ya marehemu atambuliwe na mwenyekiti wa mtaa, ambaye huenda alikuwepo siku ya mazishi.

Wakati hayo yakisubiriwa, bibi ameshapata punguzo lake bila barua. Aligundua kwamba makato yanamwangukia anayenunua umeme wa kwanza katika mwezi, kwa hiyo tarehe mosi hanunui. Anawasha kibatari na kumsubiri mpangaji, maana mita yao ni moja. Mwezi uliopita kijana naye akashtuka, na tulipofika tarehe tatu nyumba ilikuwa bado giza, kila mmoja chumbani kwake akimsikilizia mwenzake.