Video haipiti langoni

Tangu vita vya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, vianze Oktoba 2017, na zaidi baada ya Kitaya, kijiji cha Mtwara, kuvamiwa Oktoba 2020, video za mauaji ya ng'ambo ya Ruvuma zikizagaa Mtwara kilio ni kimoja: serikali ifunge. Anayesema hazifungiki huonekana anawatetea wauaji. Asikilizwe kwanza.

TCRA, mamlaka ya mawasiliano, huagiza, kampuni za simu ndizo hufunga. Njia nyepesi ni DNS, daftari linalogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba: ukiuliza jina, unapewa jibu la uongo. Badili DNS kwenye mipangilio ya simu, umepita. Njia nzito ni kuzuia anwani yenyewe, na balaa ndipo lilipo, kwani anwani moja huweza kubeba tovuti maelfu. Urusi ilipoifungia Telegram, programu ya kutumiana ujumbe, Aprili 2018, Telegram ikawa inahamahama kwenye seva za Amazon na Google, wazuiaji nyuma yake, mpaka anwani zaidi ya milioni 15 zikafungwa. Huduma za watu wasiohusika zikakatika. Telegram ikaendelea kupatikana. Juni 2020 marufuku ikaondolewa. Hebu fikiria kukuru kakara hiyo Oktoba, korosho zipo mnadani na Newala nzima inasubiri bei kwenye simu.

Tena video yenyewe haikai kwenye tovuti. Inaingia kwa WhatsApp, imefichwa kwa msimbo kutoka simu hadi simu; kampuni ya simu inaona data ikipita, kilichomo haikioni. Ikishatua, watu wanarushiana kwa Xender, programu ya kuhamisha mafaili simu kwa simu, au memori kadi, bila hata bando. Hapo agizo lishike nini?

Wanaotaka kufunga wana lao, na si dogo: wengi wetu ni wavivu, mlango ukirudishwa tu tunageuka, na mtoto hauingii kwa bahati mbaya. Ila kinachozuia kweli ni kufuta kwenye chanzo. Kampuni za mitandao kama Facebook hukokotoa alama ya faili, namba inayolitambulisha, na nakala inayofanana ikipakiwa inakataliwa. Baada ya mauaji ya misikitini Christchurch, New Zealand, Machi 2019, Facebook ilisema imeondoa nakala milioni 1.5 za video yake ndani ya saa 24, milioni 1.2 zilinaswa zikipakiwa. Laki tatu zilipanda kwanza ndipo zikafutwa. Wajanja walikuwa wanakata kingo au kurekodi skrini, alama ikabadilika. Na hao ni wenye mtambo, faili wanalo mkononi. Anayekaa langoni Dar es Salaam hana hata faili la kulinganishia.