Wifi na Sampuli za PhD

Zaidi ya asilimia 90 ya ganda la dunia ni silikati, yaani madini yenye silikoni na oksijeni, kwa hiyo mtu anayezisomea mpaka PhD hatarajii kuishiwa mzigo. Mimi niliishiwa mchana kweupe, Gongo la Mboto, nyumbani kwa kaka.

Nasomea kaolinaiti, ule udongo mweupe wa milima ya Pugu. Ndani yake kuna tabaka la silika, juu yake la alumina, zinapandana hivyo hivyo. Kero yake ni mchanga wa kwatzi uliochanganyika nao. Kuutoa, unaloweka, unakoroga, unaacha. Mchanga unazama upesi. Chembe zilizo chini ya mikroni 2, yaani elfu mbili za milimita, zinabaki zinaelea, na kushuka sentimita 10 tu zinakula saa 7 au 8. Unayavuta yale maji meupe kabla hazijashuka, unayaacha yatuame, unakausha. Maabara haikuwa na maji wiki ile, nikahamishia shughuli uani kwa kaka: ndoo, majagi, na sinia la pilau lenye vikeki vyeupe vimeanikwa juani, kila kimoja na kikaratasi chake. PG1 mpaka PG6.

Wifi alikuwa na mimba ya miezi saba. Mwenye akili hapo keshajua.

Narudi kutoka dukani, sinia lina vikaratasi.

"Wifi, kumbe una pemba nzuri hivi halafu umekaa kimya! Umeitoa wapi? Ya sokoni haioni ndani."

Nikakalia ndoo. "Umekula vyote?"

"Hicho cha nne nimekibakiza. Kina mchanga bwana, kinakwaruza meno. Cha pili sasa! Ukikiweka tu mdomoni kinayeyuka."

Wanajiolojia wenyewe huko porini hupima udongo kwa meno: laini unateleza, wenye chembe kubwa unakwaruza. Kesho yake nikaipeleka PG4 kwenye mashine ya eksirei inayotambua madini, nikasubiri foleni mpaka jioni, mchoro ukatoka na mwiba wa kwatzi umesimama wima pale pale pake, kwenye angstromu 3.34. Wifi alikuwa ameshatoa majibu hayo bure, tena amekaa kwenye mkeka.

Kliniki walimgombeza, maana udongo unazuia mwili kufyonza madini ya chuma na damu yake ilikuwa chini tayari. Alipowaambia pemba ni ya wifi yake, nesi akanitazama kama muuza gongo.

Ikabaki kumpigia msimamizi wangu.

"Sampuli umeshazileta?"

"Zimeliwa, Profesa."

"Na panya?"

"Na wifi."

Kimya. Nikadhani salio limekwisha.

"Zote?"

"Kabakiza ya nne. Anasema ina mchanga."

"Si nilikwambia ile ya nne uirudie?" akasema, akakata simu.